Safari ya Thimlich Ohinga, Boma la Mawe la Wazee wa Kale

Mwaka jana alikuja ofisini kwetu Katito karani mmoja wa hesabu kutoka Mombasa, mtu mpole mwenye maneno ya adabu, akakaa nasi siku tatu akikagua madaftari. Jioni ya siku ya pili nalimtembeza sokoni. Akatazama uwanda wa Nyakach upande wa chini, akatazama mteremko wa Nyabondo upande wa juu, kisha akaniuliza, "Bwana, mgeni akija kwenu mwampeleka wapi atazame? Sisi kwetu tuna Ngome ya Yesu, na magofu ya Gede, na bahari yenyewe. Ninyi mna nini?" Nikamjibu ya kuwa tuna ziwa. Akacheka kidogo, akasema ziwa amekwisha kuliona kupitia dirisha la gari.

Jawabu nalikuwa nalo ulimini, lakini nalinyamaza, na sababu ya kunyamaza nitaieleza mbele. Hata hivyo neno lile lilinikwama kama mwiba wa samaki kooni. Basi nilipopata likizo ya siku saba nikaazimia kufunga safari mpaka Kanyamwa, katika Ndhiwa, kwa mjomba wangu, na kutoka huko kwenda Thimlich Ohinga, penye maboma ya mawe ya wazee wa kale. Tena nalikuwa na haja nyingine. Mtoto wa mjomba alikuwa amenipigia simu kusema kwamba anataka kujenga nyumba, na babaye amemwambia asiweke jiwe la msingi kabla hajaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ni mtu wa serikali, tena ni okewo wao, yaani mtoto wa dada yao.

Katito haisifiwi na mtu. Ni njia panda: barabara moja yatoka Ahero na Kisumu, ya pili yapanda kwenda Sondu na Kisii, na ya tatu yapita Pap Onditi kuufuata upande wa ziwa hata Kendu Bay na Homa Bay. Siku ya soko utaona mtama, mahindi, kuku na omena, na watu wengi waliobeba mizigo wakingoja gari. Wasafiri huijua kwa kuteremka gari moja na kupanda jingine. Mimi nimezaliwa hapa na sioni haya kusema hivyo, maana mtu akaaye njia panda ana faida moja, kwamba hakuna mahali palipo mbali naye.

Nalipanda matatu saa kumi na mbili za asubuhi, jua lingali jekundu juu ya vilima. Tulipita Pap Onditi, kisha tukauvuka mto Sondu, ambao huku chini watu huuita Miriu. Mto huu hushuka kutoka nchi ya juu kwa nguvu nyingi, na siku hizi nguvu hiyo imetiwa kazini: kituo cha umeme cha Sondu-Miriu huweza kutoa megawati 60, na maji yake hupitishwa chini ya ardhi kabla ya kuangushwa mitamboni. Abiria mmoja nyuma yangu alisema ni ajabu mto wetu uwashe taa za Nairobi na yeye nyumbani kwake awe na kibatari. Watu wakacheka, wala hakuna aliyembishia.

Kendu Bay nilishuka, kwa sababu ilikuwa mapema na sikutaka kupita tu kama barua. Zamani meli za reli zilikuwa zikitia nanga hapa, zikileta bidhaa kutoka Kisumu na kuchukua mazao ya wakulima. Leo gati limekuwa kimya, na kilichobaki ni mashua za wavuvi na omena zilizoanikwa juu ya nyavu. Karibu na mji ni Gendia, ambapo Waadventista Wasabato walianza kazi yao katika nchi yetu mwaka 1906, alipofika Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika aliyetoka Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi. Katika vitabu vya misheni jina la kwanza husomwa mara nyingi zaidi kuliko la pili. Ndiyo desturi ya vitabu.

Kutoka Kendu Bay nilichukua bodaboda kwenda kutazama Simbi Nyaima, ziwa dogo la duara lililo ndani ya shimo la volkano. Ukisimama ukingoni waona maji ya kijani kibichi yaliyotulia kama uji ndani ya bakuli. Maji hayo yana magadi, na mfugaji hayategemei kwa kunywesha ng'ombe wake. Lakini heroe, ndege wale wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, huyapenda sana kwa ajili ya vijimea vidogo vilivyomo. Siku ile walikuwapo wengi upande wa mbali, wakitembea polepole vichwa vyao vikiwa majini. Wazee husimulia ya kwamba hapa palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa ngoma na pombe alikuja bikizee mwenye njaa, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia akampa chakula na mahali pa kuota moto. Bikizee akamwambia atoke kijijini pamoja na mumewe, mume akakataa, na mvua iliyonyesha baadaye ikakimeza kijiji chote. Nalikisikia kisa hiki utotoni mara nyingi nikidhani ni cha kutufundisha ukarimu. Safari hii, nikiwa nimekaa peke yangu juu ya jiwe, nalimfikiri zaidi yule mume aliyeona afadhali abaki.

Homa Bay sitaieleza sana. Ni mji unaokua, wenye pilikapilika za samaki, na kilima cha Asego kimesimama kando yake kama pia iliyopinduliwa. Nilikula ngege kwa ugali wa mtama, nikapanda gari jingine kwenda Rodi Kopany na Ndhiwa, na jioni nikafika kwa mjomba.

Nyumba ya mjomba iko karibu na ukingo wa mteremko wa Kanyamwa, na mtu akisimama nyuma ya zizi lake aliona bonde lote la Lambwe chini yake. Humo ndimo ilimo Hifadhi ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120. Ilitengwa kwanza mwaka 1966, ikapandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Ni hapo tu katika Kenya nzima ambapo korongo angali anaishi porini. Nasema korongo yule mnyama, mkubwa kama farasi, mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso mweusi wenye mabaka meupe. Si korongo ndege, wala si korongo la maji. Mjomba asema bonde lile lilihifadhiwa na mbung'o kabla ya kuhifadhiwa na serikali. Kwa miaka mingi malale yaliwazuia watu na ng'ombe wasiingie, na wanyama wakapata nafasi yao. Hivyo mdudu aliyetuua ndiye aliyemwokoa korongo.

Sasa nieleze kwa nini nalimnyamazia yule karani wa Mombasa. Juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba ya mjomba palikuwa na ohinga. Ohinga kwa Kijaluo ni boma lenye ukuta wa kuwakinga watu na mali zao. Lile la mjomba halikuwa kubwa, lakini lilikuwa la mawe matupu, limepinda kama mkono unaomkumbatia mtoto, lenye milango miwili. Hakuna aliyekaa humo tangu enzi za babu yake. Sisi watoto tulicheza ndani yake tukichunga mbuzi. Baba yangu alipofariki nalikuwa kidato cha kwanza katika shule ya misheni, na mama hakuwa na karo. Mwaka uliofuata alikuja mtu mwenye lori akitafuta mawe ya kujengea. Mjomba akamwonyesha kilima. Lori saba za mawe zilishuka kilimani, na mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa vijana walioyapakia wakati wa likizo, nikipokea mawe kutoka kwa mtoto wa mjomba na kuyarusha garini. Kwa fedha hizo nalisoma kidato cha pili na sehemu ya cha tatu. Yeye, mtoto wa mjomba, alibaki nyumbani na ng'ombe.

Kilichosalia kilimani ni kipande cha ukuta na mlango mmoja. Mawe hayo ndiyo aliyotaka kuyafanya msingi wa nyumba yake.

Usiku ule sikutoa shauri lo lote. Nalimwambia mjomba, "Twende kwanza Thimlich, tukirudi tutasema." Akasema, "Okewo, nimekaa karibu nayo miaka yote hii sijaiona, wewe utoke Katito uje unionyeshe?" Lakini alfajiri nalimkuta amekwisha kuvaa viatu na kofia yake nzuri.

Thimlich Ohinga imo katika Kaunti ya Migori, umbali wa kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Barabara ya mwisho ni ya vumbi wakati wa kiangazi, na wakati wa masika udongo wake mweusi hushika magurudumu hata gari likakataa. Atakaye kwenda achague siku kavu, achukue maji ya kunywa na viatu imara, maana pale hapana duka la kumwokoa. Hapana kelele pia. Tulipofika hatukukuta mgeni mwingine. Palikuwa na upepo, na ndege, na miti ya bondo iliyosimama na matawi yake kama vinara vya taa, na mwongozaji mmoja kijana aliyefurahi kupata watu wa kusema nao. Jina lenyewe, alitueleza, ni maneno ya Kijaluo yenye maana ya msitu mnene wa kutisha. Msitu huo siku hizi umepungua, lakini bado mtu huliona boma ghafula, akiwa amekwisha kulikaribia.

Nitajaribu kuueleza ukuta kwa mtu asiyeuona. Fikiri ukuta wenye kimo cha kuanzia mita moja na nusu hata mita nne na nusu, na unene wa karibu mita moja, unaozunguka mahali pakubwa bila pembe hata moja. Hauna udongo wala chokaa wala saruji ya kuushikamanisha. Mawe hayakuchongwa, yalichukuliwa kama Mungu alivyoyaumba, makubwa na madogo, na kila moja likatafutiwa mahali palipolifaa. Upande wa nje una uso wake wa mawe mazuri, upande wa ndani una uso wake, na katikati pamejazwa mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo mbili pamoja. Mwongozaji alituonyesha ya kuwa ukuta haukwendi moja kwa moja, bali hupinda huku na huku, na mahali pengine umeegemezwa na mawe mengine kama mtu anavyomwegemeza mgonjwa. Kupinda huko ndiko kunakousimamisha. Nalimwona mwashi mmoja kwetu akijenga ukuta kwa timazi na saruji, nao ukaanguka katika mvua ya pili.

Ohinga kubwa zaidi huitwa Kochieng, yaani kwa Ochieng, na nyingine zilizo karibu ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Tuliingia Kochieng kwa mlango wake, na hapo ndipo nalipoelewa jambo ambalo sikulielewa nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mlango ni mfupi. Juu yake pamelazwa mawe marefu kama kizingiti, na yamechukua uzito wa ukuta wote ulio juu yake kwa karne nyingi. Mtu mzima hawezi kupita ila ameinama, kichwa kikitangulia, na ajaye kwa ubaya akiinama hivyo hana awezalo kufanya kwa mkuki wake. Mlinzi wa ndani amngoja kwa rungu. Karibu na mlango, upande wa ndani, pana mahali palipoinuliwa ambapo mlinzi alisimama kuangalia nje. Mjomba aliinama, mzee wa miaka 74, akapita, akasimama ndani akipangusa magoti. Kisha akarudi. Akaingia tena. Mwongozaji alidhani amepoteza kitu.

Ndani kuna maboma madogo ndani ya boma kubwa: zizi la ng'ombe, mahali pa wanyama wadogo, na alama za duara ardhini zilipokuwapo nyumba. Kuna mawe ya kusagia yaliyolika katikati kwa kazi ya mikono ya wanawake tusiowajua majina. Na juu ya jiwe moja vimechimbwa vishimo vya bao, safu kwa safu, mchezo ambao kwetu huitwa ajua na Mwambao huitwa bao. Nalifurahi kuliko nilivyotazamia. Ukuta wamweleza mtu juu ya adui, lakini vishimo vile vyamweleza ya kuwa palikuwa na alasiri zisizo na adui, watu wakikaa kivulini wakibishana juu ya kete. Nje kidogo ya Kochieng pamepatikana mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma. Vigae vya vyungu vimepatikana pia, na hata shanga za kioo zilizotoka mbali. Basi watu wa humu hawakuwa wamejifungia na dunia.

Walikuwa nani? Wataalamu husema maboma haya yalianza kujengwa karibu na karne ya 16. Hawakukaa humo watu wa kabila moja tangu mwanzo hata mwisho. Waliojenga walihama, wengine wakaja wakapakuta, wakatengeneza palipobomoka na kuongeza walipotaka, na wale nao wakahama wakawaachia wengine. Na Wajaluo wa koo mbalimbali ndio waliokaa humo mwishoni. Kila mmoja aliufuata ujenzi wa aliyemtangulia. Baadaye amani ilipozidi na familia kutawanyika mashambani, watu wakaacha mawe wakazungushia nyumba zao miti ya bondo na minyaa, ile tuiitayo ojuok, ambayo humea upesi na haihitaji mikono mingi. Boma la mjaluo lenye ua wa ojuok, ambalo kila mmoja wetu wa upande huu amelijua, ni mjukuu wa ohinga.

Hapo nalimkumbuka yule karani wa Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Ina haki ya kusifiwa, na mimi nimeiona na kuisifu. Lakini ilijengwa na wageni waliotoka ng'ambo kuilinda njia yao ya biashara, na mizinga yake iliwageukia wenyeji mara nyingi. Katika karne ile ile, huku kwetu bara, watu walikuwa wakipanga mawe yao wenyewe kuwalinda watoto wao wenyewe na ng'ombe wao. Shuleni nalisoma habari za ngome ya kwanza hata nikaweza kuichora. Habari za hii ya pili hazikutajwa, nami nalikuwa nimeketi darasani kwa karo ya mawe yake.

Wala si sisi peke yetu tuliochelewa kujua. Kule Zimbabwe kuna kuta kubwa za mawe yasiyo na chokaa, na kwa miaka mingi Wazungu wengi walishikilia ya kuwa haziwezi kuwa kazi ya Waafrika, hata uchimbaji wa wataalamu ukawanyamazisha. Zimbabwe Kuu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, mwaka 1986. Ngome ya Yesu mwaka 2011. Na Thimlich Ohinga mwaka 2018. Serikali ya Kenya ilikuwa imeifanya kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 1981, na Makumbusho ya Taifa ndiyo yanayoitunza.

Lakini Thimlich ni moja tu, iliyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote. Wataalamu waliozunguka sehemu hizi za kusini mwa Nyanza waliandika habari za maboma ya mawe zaidi ya 500, katika mahali zaidi ya 130. Mengi hayana mwongozaji wala kibao. Yako juu ya vilima nyuma ya nyumba za watu, kama lile la mjomba.

Mjomba alikuwa ameketi chini ya ukuta, mkono wake umeingia kati ya mawe mawili. Akaniita. "Okewo," akasema, "mawe haya yana ulimi. Ukivuta hili, lile la juu linashuka kidogo kulishika. Sisi tuliyabomoa kwa mtaimbo." Nikamwambia ya kuwa nakumbuka. Akanyamaza, kisha akasema, "Langoni kwetu kulikuwa na jiwe refu kama lile pale. La mlango wa magharibi. Lilikwenda na lori la tano." Nalishangaa kwamba alijua ni lori la ngapi. Akasema aliyaandika yote katika daftari, maana mwenye lori hakuwa mtu wa kuaminika kwa hesabu.

Tulirudi usiku. Kesho yake mjomba alimwita mwanawe mbele yangu, akamwambia ajenge nyumba yake, lakini mawe ya kilimani yasiguswe. Nami nikaongeza, kwa sauti yangu ya ofisini, ya kuwa kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inayolinda vitu vya kale. Mtoto wa mjomba alisikiliza hata mwisho bila hasira. Kisha akasema, "Nimesikia, ndugu yangu. Wewe mawe yale yalikusomesha. Mimi nilikuwa upande wa chini nikikupokeza. Sasa nataka mawe ya nyumba, nawe waniletea sheria. Niambie tu, msingi wangu nitauweka kwa nini?"

Sikuwa na jibu, wala mjomba hakunisaidia. Alitazama kuku.

Alasiri sisi watatu tulipanda kilimani. Ukuta uliosalia una urefu wa hatua kama ishirini, na mlango wa mashariki ungali umesimama na kizingiti chake mahali pake. Nyasi zilikuwa zimeuficha, tukazifyeka. Baadhi ya mawe yalikuwa yameanguka chini ya mlango, na mjomba akataka tuyarudishe kama alivyoona kule Thimlich. Tulifanya kazi hata jua likawa linaingia upande wa ziwa. Mawe kumi na mawili tuliyainua, matano yakakaa, saba yalianguka kila tulipoyaweka, kwa maana hatukujua lipi lilikuwa jirani ya lipi. Mtoto wa mjomba ndiye aliyeweka matano hayo. Ana mkono mzuri, kumbe.

Nilipotoka kwenda zangu nalipita Ndhiwa, nikatafuta mwenye kuuza mawe ya machimbo, nikalipa lori moja lipelekwe kwa mtoto wa mjomba. Mshahara wa karani si mkubwa, na fedha za likizo zikaisha hapo; nikarudi Katito siku mbili kabla ya wakati. Jumapili mjomba alinipigia simu kuniarifu kwamba mawe yamefika na msingi umeanza. Akasema pia ya kuwa amelitafuta lile daftari la zamani akalipata ndani ya sanduku, na chini ya ile hesabu ya lori saba ameandika moja.

Yule karani wa hesabu atarudi kwetu kukagua mwisho wa mwaka. Nimekwisha kumwandikia achukue siku mbili zaidi, na viatu vya kutembelea.